SOMO LA AFYA: PUMU HUTAWALIWA NYUMBANI



Katika somo hili tutajifunza juu ya ugonjwa wa pumu. Tutaona pumu ni nini, dawa zake ni zipi, na jinsi mhudumu wa afya wa kitongoji anavyoweza kuisaidia familia. Mwisho wa somo yapo maswali. Soma pamoja na jirani yako, kisha mjadiliane.

Pumu ni ugonjwa wa kuishi nao. Mgonjwa hufika zahanati siku moja. Siku nyingine zote yuko nyumbani, shambani au shuleni. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuitawala pumu hufanyika nyumbani. Na mtu anayejua kusoma na kuandika ana chombo kizuri cha kufanyia kazi hiyo. Tutaona kwa nini.

Ugonjwa huu si mdogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu. Watu 455,000 walikufa kwa pumu mwaka huo. Wengi wao walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na zile za kipato cha kati ngazi ya chini. Dawa za pumu zipo. Lakini dawa haimsaidii mtu ikiwa haikununuliwa, au ikiwa imefungiwa sandukuni kwa sababu watu wa nyumbani wanaiogopa.

1. PUMU NI NINI?

Ndani ya kifua kuna mirija ya kupitishia hewa. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo ni myepesi kukasirika. Ikikasirika, mambo matatu hutokea:

(a) Mirija huvimba kwa ndani.
(b) Makohozi mazito huijaza.
(c) Misuli inayoizunguka hukaza.

Basi njia ya hewa inakuwa nyembamba. Ni kama mtu aliyekuwa anapumua kwa bua la jani la mpapai, halafu akanyang'anywa na kupewa unyasi. Hewa inapita kwa shida. Kifua kinalia kama filimbi. Mgonjwa anakohoa, hasa usiku na alfajiri.

Mambo yanayoikasirisha mirija ni mengi. Yapo moshi wa kuni, moshi wa sigara, moshi wa dawa ya mbu ya kuwasha, vumbi la kupura mahindi, mende, manyoya ya wanyama, mafua, baridi na manukato makali. Si kila mgonjwa hukasirishwa na mambo yale yale. Kila familia ichunguze na kuandika ya kwake.

2. MAMBO TUNAYOYASIKIA

"Pumu ni kurogwa." Si kweli. Pumu ni ugonjwa wa mirija ya hewa. Mara nyingi huonekana kwa watu wa ukoo mmoja.

"Pumu inaambukiza." Si kweli. Unaweza kula sahani moja na mwenye pumu. Lakini mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, akatoka jasho usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu. Kifua kikuu kinaambukiza. Aende kupimwa makohozi.

"Dawa ya kuvuta ni ya mgonjwa wa kufa. Ukiianza, umekwisha." Neno hili limewaumiza wengi. Si kweli hata kidogo. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kifuani, mahali penye ugonjwa. Kwa hiyo kiasi kidogo sana kinatosha. Kidonge hupita kwanza tumboni na kwenye damu, ndipo kifike kifuani. Kinachelewa, na kinatetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio zaidi.

3. DAWA NI ZA AINA MBILI

Dawa ya kuvuta huwekwa katika kichupa kidogo ambacho wengi tunakiita inhela. Ipo inhela ya kuokoa, na ipo inhela ya kuzuia.

Inhela ya kuokoa hulegeza misuli iliyokaza. Hufanya kazi kwa dakika chache. Hutumika pale mtu anapobanwa. Jina la dawa ni SALBUTAMOL.

Inhela ya kuzuia hupunguza uvimbe ndani ya mirija. Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Hutumika kila siku, hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Jina la dawa huwa ni BECLOMETASONE au BUDESONIDE.

Fikiria nyumba ya makuti iliyo karibu na nyika. Ukimwaga maji moto ukiwaka, unaokoa. Ukifyeka majani kuizunguka nyumba kabla ya kiangazi, unazuia. Mwenye busara anafanya yote mawili. Anayetegemea ndoo ya maji peke yake, siku moja moto utamshinda.

Wagonjwa wengi hutumia ya kuokoa tu, kwa sababu wanaona nafuu papo hapo. Lakini uvimbe unabaki ndani, na unaongezeka. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu unashauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa salbutamol peke yake. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za aina zote mbili katika orodha ya dawa za lazima. Kwa hiyo uliza zahanati: "Dawa yangu ya kuzuia ni ipi?"

Mara nyingi ya kuokoa huwa ya buluu, na ya kuzuia huwa ya rangi ya kahawia au nyingine. Lakini viwanda ni vingi na rangi hubadilika. Usiamini rangi. Soma jina, herufi kwa herufi. Zipo pia inhela zenye dawa mbili ndani ya kichupa kimoja. Hizo zina mpangilio wake. Fuata alivyoandika mganga wa zahanati.

Baada ya kuvuta dawa ya kuzuia, sukutua kwa maji na kutema. Hii huzuia utandu mweupe mdomoni.

Jambo jingine: zipo dawa zinazoweza kumbana mwenye pumu. Aspirin na diclofenac huwabana baadhi ya watu. Propranolol, ambayo ni dawa ya moyo na presha, haimfai mwenye pumu. Ukienda duka la dawa, sema kwanza: "Mimi nina pumu."

4. KAZI YA MHUDUMU WA AFYA

Elimu ya afya vijijini si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaweka wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu ni mtu wa hapo hapo kijijini. Anajua njia ya kwenda kwako, na anajua lugha ya nyumbani kwako.

Mhudumu hapimi pumu wala haandiki dawa. Hiyo ni kazi ya zahanati. Yeye anakuja nyumbani, anasikiliza, anatazama dawa inavyotumiwa, anatazama mahali pa kulala na pa kupikia, na anaitaka familia irudi zahanati inapofaa.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 7 ana pumu. Mwezi mzima hakwenda shule vizuri. Mhudumu anafika.

MHUDUMU: Hodi hapa!

MAMA: Karibu, dada. Karibu kiti.

MHUDUMU: Ahsante. Bibi, shikamoo.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mjukuu wangu? Usiku hakulala. Kifua kilikuwa kinapiga miluzi mpaka majogoo.

MHUDUMU: Pole, bibi. Poleni nyote. Mlimpa dawa gani?

MAMA: Ile ya kuvuta sikuiona. Nimeitafuta nyumba nzima.

BIBI: Ninayo mimi. Nimeifunga kwenye kanga, nikaiweka sandukuni. Mimi sitaki mtoto azoee hiyo kitu. Jirani yetu aliitumia, akafa.

MHUDUMU: Bibi, unamlinda mjukuu. Nimekuelewa. Hebu niulize: huyo jirani aliianza lini?

BIBI: Siku ile ile alipozidiwa. Kabla ya hapo alikuwa anakunywa vidonge tu.

MHUDUMU: Basi huenda si inhela iliyomuua, bibi. Huenda ilikuja imechelewa. Moto ulikuwa umeshika paa.

BIBI: (Ananyamaza kidogo.) Kumbe.

MHUDUMU: Na ile nyingine, ya kila siku?

MAMA: Ile tuliiacha. Mtoto alikuwa mzima wiki tatu. Nikasema niitunze, maana ni ghali.

MHUDUMU: Alikuwa mzima kwa sababu alikuwa anaivuta. Hebu nionyeshe mnavyompa.

(Mama anampulizia mtoto dawa mdomoni. Ukungu unatoka nje.)

MHUDUMU: Unaona ule moshi mweupe? Ile ndiyo dawa, na hiyo ndiyo fedha yenu. Imebaki ulimini, nyingine imekwenda hewani. Nitawafundisha kutumia chupa.

BIBI: Na mimi nifundishe. Mchana mama yake yuko shamba. Mtoto anashinda na mimi.

MHUDUMU: Hilo ndilo nililokuwa nataka kuomba. Wewe bibi ndiye mtunza dawa. Lakini isikae sandukuni. Ikae mahali ambapo hata gizani mkono unaifikia.

Tazama, ndugu msomaji. Mhudumu hakumgombeza bibi. Alimsikiliza, akajua hofu yake inatoka wapi. Mtu aliyekuwa anaficha dawa akawa ndiye mlinzi wake.

Siku hiyo hiyo waliona pia kwamba mtoto alikuwa analala jikoni, pamoja na kuku. Wakamhamishia chumba kingine. Wakakubaliana kupikia nje siku zisizo na mvua, kutumia kuni kavu, na mtoto asikae karibu na moto. Mambo haya hayaondoi pumu. Yanapunguza kubanwa. Na hayachukui nafasi ya dawa.

5. CHUPA YA KUVUTIA DAWA

Kuvuta inhela moja kwa moja ni kugumu, hasa kwa mtoto. Inabidi kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Chupa inasaidia. Dawa inaingia kwanza ndani ya chupa, mgonjwa anaivuta taratibu.

Zipo chupa maalumu za kununua. Kama hazipatikani, chupa ya maji ya nusu lita inaweza kufaa. Hii si kubahatisha. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitoa matokeo ya utafiti wao. Watoto waliobanwa na pumu walipewa dawa kwa njia mbalimbali. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chupa ya kununua. Vikombe havikufanya kazi vizuri hivyo.

Namna ya kuitengeneza:

(a) Osha chupa kwa maji na sabuni. Iache ikauke yenyewe. Usiipanguse ndani.
(b) Chora kwenye kitako umbo la mdomo wa inhela.
(c) Toboa tundu kwa waya wa moto, kidogo kidogo, mpaka inhela iingie na kubana.
(d) Toa mabaki yote ya plastiki ndani ya chupa.
(e) Ziba mwanya unaobaki kwa plasta.

Chupa ya kwanza itengeneze pamoja na mhudumu au muuguzi. Mtoto mdogo chini ya miaka 5 anahitaji chupa yenye kinyago cha kufunika pua na mdomo. Ulizia zahanati.

Namna ya kuitumia:

(a) Tikisa inhela, ichomeke kwenye tundu.
(b) Mgonjwa akae wima, atoe pumzi.
(c) Abane midomo yake kuuzunguka mdomo wa chupa.
(d) Bonyeza mara moja tu.
(e) Avute na kutoa pumzi taratibu mara 4, bila kuondoa mdomo.
(f) Kama ameandikiwa mpulizo wa pili, tikisa tena na urudie yote.

Usibonyeze mara mbili kwa pamoja. Matone yatagongana na kubaki chupani.

6. TUFANYE HESABU

Mtu hujuaje kwamba inhela imekwisha? Wengi huitikisa. Hiyo si njia ya kuaminika. Dawa ikiisha, gesi bado inaweza kutoka. Mgonjwa anavuta gesi tupu huku akidhani ni dawa.

Njia nzuri ni kuhesabu. Soma boksi. Inhela nyingi zina mipulizo 200.

Mfano: Mganga ameandika mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni.

2 + 2 = 4 kwa siku.
200 ÷ 4 = siku 50.

Ukiianza tarehe 1 Machi, itatosha mpaka tarehe 19 Aprili. Andika tarehe hiyo kwenye kichupa. Andika pia kwenye ukuta. Sasa unajua siku 50 mapema kwamba fedha itahitajika. Unaweza kuweka akiba kidogo kidogo, au kuuza kuku kwa bei nzuri, badala ya kumuuza usiku kwa bei ya shida.

Inhela ya kuokoa nayo ihesabiwe. Kila mpulizo, chora mstari mmoja kwenye daftari. Kama mgonjwa anaihitaji zaidi ya siku 2 kwa wiki, au anaamka usiku kwa kubanwa, pumu haijatawaliwa. Rudini zahanati mkiwa na daftari hilo. Litamwambia mganga mengi.

7. KARATASI YA UKUTANI

Kila mwenye pumu awe na karatasi yake ukutani. Mganga au muuguzi ataje dawa na kiasi, mhudumu asaidie, na mwenye nyumba aandike kwa mkono wake. Iwe na mambo haya:

Jina la mgonjwa.
Dawa ya kila siku, na mipulizo mingapi.
Dawa ya kuokoa, na mipulizo mingapi.
Mambo yanayombana.
Tarehe inhela itakapokwisha.
Nani ana pikipiki au gari, na namba yake ya simu.

Isomeni kwa sauti, watu wote wa nyumbani. Nakala moja apewe mwalimu wa shule.

8. MGONJWA AKIBANWA

Huko Australia watu hufundishwa kukumbuka namba moja tu: 4. Fuata karatasi yako. Kama haina maelezo, fanya hivi:

(a) Mkalishe wima. Usimlaze. Mlegeze nguo. Kaa naye, mwambie maneno ya kumtuliza.
(b) Mpe mipulizo 4 ya dawa ya kuokoa kwa chupa, mmoja mmoja. Kila mpulizo, avute na kutoa pumzi mara 4.
(c) Ngoja dakika 4.
(d) Kama hana nafuu, rudia mipulizo 4, na ita usafiri.
(e) Endelea hivyo njiani mpaka mfike. Inhela na chupa viende pamoja naye.

Usimfukize. Usimpeleke jikoni "apate joto". Usingoje kupambazuke.

Mpelekeni mara moja, huku mkimpa dawa, mkiona dalili hizi:

Hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja.
Nyama kati ya mbavu au shingoni zinaingia ndani anapovuta pumzi.
Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
Ulimi, au midomo kwa ndani, imekuwa ya kijivu au ya buluu.
Anasinzia au amechanganyikiwa.
Kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza, lakini bado anahangaika.

Dalili hii ya mwisho huwadanganya wengi. Watu husema, "Afadhali, mluzi umekwisha." Kumbe hewa haipiti tena. Huo ni wakati wa hatari kuliko wote.

Hata akipata nafuu nyumbani, apelekwe zahanati kesho yake. Kubanwa kukubwa ni ishara kwamba dawa ya kuzuia haitoshi, au haitumiwi vizuri.

9. MANENO YA KUKUMBUKA

Inhela: kichupa cha dawa ya kuvuta.
Mpulizo: dawa inayotoka kwa kubonyeza mara moja.
Kuokoa: kumtoa mgonjwa katika kubanwa.
Kuzuia: kufanya asibanwe.

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mambo matatu yanayotokea ndani ya mirija ya hewa mtu anapobanwa.
2. Kwa nini mama katika mfano wetu aliiacha dawa ya kila siku? Ungemwambia nini?
3. Bibi aliificha inhela kwa sababu gani? Je, kijijini kwako watu husema hivyo?
4. Inhela ina mipulizo 120. Mgonjwa anavuta mpulizo 1 asubuhi na 1 jioni. Itatosha siku ngapi? Kama ameianza tarehe 1 Juni, itakwisha tarehe ngapi?
5. Usiku wa manane mtoto amebanwa, na mto umejaa maji. Nani kitongojini kwenu ataitwa? Njia ipi itapitwa? Jadilianeni leo, kabla ya siku hiyo.

KAZI YA NYUMBANI: Chukua karatasi na kalamu. Kama kuna mwenye pumu nyumbani kwako au kwa jirani, andikeni karatasi ya ukutani. Mwiteni mhudumu wa afya aisome, na nendeni nayo zahanati. Kisha ibandikeni mahali ambapo hata mgeni akifika usiku ataiona.